Kabla Hujanunua Pedali ya Miguu Miwili: Barua kwa Mpiga Dramu wa Metali

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nakuru aliniandikia. Anapiga dramu kanisani, yuko mwaka wa pili chuoni, na ameanza mazoezi na vijana watatu wa hevi metali, ile roki nzito ya magitaa, katika gereji ya mjomba wa mmoja wao. Maswali yake yalikuwa mawili: anunue pedali gani ya miguu miwili (ile ya kupigia dramu kubwa ya chini kwa miguu yote), na je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hii? La pedali nililijibu palepale. Tafuta iliyotumika, shika ile shafti inayounganisha pande mbili na uitikise. Ikicheza achana nayo, ikitulia toa pesa. Swali la pili ndilo lililonikalia kooni. Nimeamua kulijibu hapa kwa sababu najua si yeye peke yake. Mko wengi mnaogonga meza za ofisi kwa vidole mpaka wenzenu wanawanunia.

Jibu langu ni ndiyo, mtu anaishi. Ila haishi kwa kupiga tu. Mpiga dramu hufika ukumbini kabla ya wote na huondoka baada ya wote, maana vyombo vyake ni vingi kuliko vya bendi nzima, lakini pesa zikifika mezani yeye hukumbukwa mwisho. Usipopanga mapema namna utakavyokumbukwa, utasifiwa kila mahali na utaendelea kukopa nauli. Nayasema haya nikiwa nimeyapitia, kwa hiyo nivumilie nisimulie.

Mimi ni mtu wa Shinyalu, Kakamega. Kabla sijasikia gitaa la umeme nilikuwa nimeshajua isukuti. Ngoma zenyewe huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kwetu huhesabiwa kama baba, mama na mtoto. Harusi ina isukuti, mazishi yana isukuti, na fahali wa kupigana akisindikizwa alfajiri kwenda uwanjani Khayega, isukuti humtangulia. Kama hujawahi kuuona msafara ule, nenda. Watu wanakimbia kwenye umande, pembe zinapulizwa, fahali anatimua matope, na wapigaji wanakimbia na ngoma zao wakipanda na kushuka vilima bila kuangusha pigo. Nilikua nikiwafuata. Watu wanaponiona jukwaani leo wakauliza pumzi ninaitoa wapi, nawaambia waulize vilima vya Isukha. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Nilifurahi, nikaona aibu pia, kwa sababu sisi ambao tungeirithi tulikuwa tayari Nairobi tunatafuta pedali za mitumba.

Nairobi nilifikia kwa shangazi, Kawangware, na dramu nilizojifunzia zilikuwa za kanisa. Ngozi ya sneya, ile dramu ndogo ya mbele yenye sauti kali, ilikuwa imebandikwa plasta. Toazi moja lilikuwa limemegeka ukingoni, ukiligusa vibaya linakukata. Mwalimu wa kwaya, mama mmoja mkali, alinifunza jambo ambalo hakuna mpiga metali aliyewahi kunifunza: kunyamaza. Alikuwa akiinua kidole, nami napaswa kuacha kupiga hapohapo, hata kama roho inachemka. Nilimwona mnyanyasaji. Leo bendi zikiniita studio ni kwa sababu najua kuacha nafasi, na wenye kasi kunizidi wanabaki nje wakisubiri simu.

Hevi metali iliniingia kupitia redio ya binamu yangu, enzi zile X FM ya 105.5 ikicheza roki hapa Nairobi. Mara ya kwanza nilidhani redio imeharibika. Mara ya pili nikasikia miguu. Chini ya magitaa yale kulikuwa na mtu anapiga dramu ya chini kwa miguu yote miwili, mfululizo, bila huruma. Nikamwambia binamu yangu: huyu mtu anafanya kazi ya baba, mama na mtoto peke yake. Hakunielewa. Yeye alikuwa anasikiliza gitaa, kama watu wote.

Miaka ya mazoezi nitairuka, haina hadithi. Ni kugonga, kugonga tena, na kupigiwa mlango na keateka wa ploti. Nitasema tu nilichotumia, kwa sababu mnaniuliza sana. Nilichukua kipande cha plywood cha ukubwa wa sahani ya wali, nikakinyoosha kwa msasa, nikakivika tyubu ya tairi ya lori niliyoikata kwa wembe na kuigandisha kwa gundi ya fundi viatu. Fimbo inaruka juu yake karibu kama kwenye sneya ya kweli, na jirani analala. Kwa miguu nilipiga godoro lililokunjwa, nimeliegemeza ukutani. Ninacho kipande kile hadi leo, na wanafunzi wangu wote huanzia hapo, hata wale wanaokuja na gari la baba.

Sasa kasi. Kila kijana anataka kasi. Hebu tupige hesabu kidogo: wimbo wa metali ukienda midundo 200 kwa dakika, na miguu ikagawa kila mdundo mara nne, hiyo ni mipigo 800 kwa dakika, zaidi ya 13 kila sekunde. Huwezi kuifikia kwa nguvu. Ukikaza paja, baada ya ubeti wa kwanza shavu la mguu linawaka na pigo la mguu wa kushoto linaanza kuchelewa, kila mtu analisikia isipokuwa wewe. Dawa ni kliki ya metronomu, kile kifaa cha kuhesabia midundo, ianze 60, ikae 60 mpaka uchoke na maisha, kisha iende 65. Miguu ikipiga sawa kwa 60, 200 itakuja yenyewe. Isipokuwa sawa kwa 60, kwa 200 utakuwa unamwaga viazi tu kwenye ngazi.

Na sikiliza vitu vingine. Tafadhali. Hizi dramu mbili za mguu unazoziabudu zilianza kwenye jazi. Mmarekani Louie Bellson alikuwa akizipiga miaka ya 1940 kwenye bendi kubwa za kucheza dansi. Bill Ward, mpiga dramu wa bendi ya Black Sabbath ya Uingereza, ambaye bila yeye tusingekuwa na cha kuandika hapa, alikulia Birmingham akimsikiliza Gene Krupa, naye ni wa jazi vilevile. Dave Lombardo wa bendi ya Slayer alizaliwa Havana, Kuba. Igor Cavalera wa bendi ya Sepultura alileta midundo ya Brazil kwenye metali na dunia ikasimama. Wewe una isukuti, una chakacha, una benga, halafu unaniambia unasikiliza bendi tano za Norway pekee. Sijui nikusaidieje.

Turudi kwenye maisha yangu. Nilijiunga na bendi, tukaanza kupiga kwenye kumbi ndogo za Nairobi, zile ambazo mwenye baa anakupa usiku wa katikati ya wiki kwa sababu hana mtu mwingine. Dramu kubwa ni za ukumbi, lakini sneya, matoazi na pedali ni lazima uje na zako. Ndivyo ilivyo mahali pengi, hata kwenye matamasha makubwa ya nje. Sasa wewe panda matatu ya jioni na begi la matoazi mgongoni, sneya mapajani na pedali ndani ya mfuko wa unga. Konda anakutoza viti viwili. Ukibisha anakuuliza kama hiyo sufuria yako ni ya chapati au ya pilau, na matatu nzima inacheka.

Toazi langu kubwa lilipasuka ufa wa urefu wa kidole. Bei ya jipya ilikuwa kodi yangu ya nyumba, na chenji haibaki. Nililipeleka Kamukunji kwa fundi wa jua kali anayetengeneza majiko na masanduku. Alilitazama, akaligonga kwa ukucha, akaliweka sikioni. Kisha akachora kwa chaki mwisho wa ufa, akatoboa tundu dogo palepale ufa unapoishia ili usiendelee kutambaa, akasaga kingo za ufa kwa tupa mpaka zikaacha kugusana. Hakuwa ameona toazi maishani mwake. Aliniambia chuma ni chuma. Shaba, nikamsahihisha. Akanitazama kama mtu anayeona mteja amelipa na bado haondoki. Toazi lile nimelipiga miaka mingi baada ya siku hiyo, na sauti yake ya kukauka ndiyo iliyofanya watu waanze kuniulizia.

Kwa hiyo jina likapanda. Nasema bila unyenyekevu wa uongo: katika jiji hili, kwa miaka kadhaa, bendi ya metali ikitaka dramu zisikike, mimi ndiye niliyepigiwa simu kwanza. Walikuja watu ambao hawapendi metali, wakasimama nyuma na bia zao kutazama miguu yangu. Mamangu alikuja mara moja, akaketi karibu na mlango, na tulipomaliza akaniuliza kama nimekula.

Sasa niingie kwenye kidonda.

Bendi yetu, ambayo sitaitaja kwa sababu bado tunakutana mazishini na kusalimiana, ilikuwa ya watu wanne. Tulirekodi albamu katika chumba cha mtu, mablanketi yametundikwa ukutani kuua mwangwi. Nyimbo nyingi zilianza na mimi. Nilikuwa nakuja na mdundo, nauzungusha, mpiga gitaa anautafutia rifu, kile kipande cha gitaa kinachorudiwarudiwa, mwimbaji anapata pa kuingilia. Tukaituma nje. Lebo ndogo ya Ulaya ikaipenda, ikataka kuitoa, na baadaye ukaja mwaliko wa ziara. Nilifua fulana zangu nyeusi zote.

Siku ya kwenda kujaza fomu za viza, mpiga gitaa aliniita kwenye kibanda tunachonywea chai. Aliagiza chapati mbili, akanisogezea moja. "Ndugu yangu," akasema, "tiketi ni tatu." Nikamuuliza nani anabaki, kama mjinga. Akachovya chapati kwenye chai, akaiacha humo mpaka ikakatika. Dramu zingepigwa na jamaa wa hukohuko, akasema, maana kumlipa yeye ni nafuu kuliko kunisafirisha mimi. "Si mimi nimeamua. Ni wale."

Chapati niliila yote.

Albamu ilipotoka, karatasi ya ndani ilitaja watunzi watatu. Jina langu lilikuwa chini kabisa kwenye shukrani, baina ya mama wa mpiga besi na duka lililotukopesha spika. Nikiziona video za ile ziara hutazama mikono ya yule jamaa. Anapiga vizuri, sitamsingizia. Lakini roli zile, mapigo ya mfululizo ya kupambia wimbo, ni zangu, pigo kwa pigo, hata ile moja niliyoiiba kwenye isukuti ya mazishi. Huko nje kuna mtu anashangiliwa kwa msiba wa kijijini kwetu, na hajui.

Wenzangu huniambia nimekuwa na kinyongo. Ndiyo, ninacho, na nimekitumia vizuri kuliko wao walivyotumia ile ziara.

Kwa sababu baada ya hapo nilianza kusoma habari za wapiga dramu wakubwa, si mbinu zao tena, bali mikataba yao. Nikakuta kumbe kidonda ni cha ukoo mzima. Mtazame Bill Ward. Black Sabbath walitangaza kurudi pamoja mwezi Novemba 2011, wote wanne wa mwanzo. Februari 2012 Ward akatoa taarifa kwamba hataendelea mpaka apewe mkataba unaoweza kutiwa sahihi. Hakupewa alichokitaka. Albamu iliyotoka 2013 dramu zake zilipigwa na mtu mwingine, Brad Wilk, na hata walipoaga jukwaa mjini Birmingham Februari 2017, mji aliozaliwa Ward, hakuwepo. Alikuja kuketi nao tena tarehe 5 Julai 2025, uwanja wa Villa Park, akiwa na miaka 77. Siku 17 baadaye mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, akafariki. Nililia, sitaki kusema zaidi. Ila nilipomaliza kulia nilipiga hesabu: karibu miaka 14 kati ya tangazo na lile jukwaa, na kilichokuwa katikati ni karatasi.

Mtazame Lombardo. Mapema 2013, Slayer wakijiandaa kwenda Australia, akaachwa. Yeye alieleza hadharani kwamba aligundua asilimia 90 ya mapato ya ziara yanakatwa kama gharama, na inayobaki ndiyo wanaume wanne wagawane. Bendi ilipinga maelezo yake, na mimi sikuwa chumbani. Ninachojua ni kwamba Australia walikwenda, na aliyeketi kwenye kiti alikuwa mtu mwingine. Lombardo! Mtu ambaye nusu ya wapiga dramu wa metali duniani wamejifunza kwa kumwiga. Kama yeye kiti chake kinaweza kupata mtu kabla ndege haijapaa, wewe wa gereji ya Nakuru unategemea nini, tabasamu?

Halafu mtazame Lars Ulrich. Watu wanapenda kumcheka, eti hapigi vizuri. Kijana wa Kidenmaki, mwaka 1981, miaka 17, aliweka tangazo kwenye gazeti la matangazo madogo Los Angeles akitafuta wa kupiga naye, James Hetfield akajibu, wakaanzisha Metallica. Yaani bendi ni yake tangu tangazo. Jina lake limo kwenye utunzi wa karibu nyimbo zao zote. Wapo maelfu wanaompita kwa miguu, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kumwambia tiketi ni tatu. Cheka tu, lakini jiulize nani kati yenu ana kiti chake.

Basi dada, sikiliza hili hata kama mengine utayaruka. Kabla hamjarekodi, kaeni wanne mezani mkubaliane nani anamiliki nini. Kisheria, mdundo peke yake mara nyingi hauhesabiwi kuwa utunzi. Anayehesabiwa ni mwenye melodi na maneno. Kwa hiyo ukisubiri haki ije yenyewe, haitakuja. Ni lazima mkubaliane ninyi kwa ninyi kwamba wimbo ni wa wanne, au ni wa wawili na mpiga dramu anapata kiasi fulani, na muandike. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua pia mtumbuizaji, mbali na mtunzi. Maana yake hata kama hukutunga neno moja, pigo lako lililorekodiwa lina haki yake. Wanamuziki wengi hawajui kwamba hizo ni haki mbili. Wewe sasa unajua, usijifanye hujasoma.

Usiogope kuonekana mpenda pesa. Watakuambia sisi ni ndugu, undugu hauandikwi. Waambie hata shamba la ndugu lina hati. Aliye na nia njema hatakasirishwa na karatasi, na anayekasirika amekurahisishia kazi.

Kuna tishio la pili, kompyuta. Nairobi hii imetoa bendi ya Duma, watu wawili tu, Martin Khanja na Sam Karugu. Albamu yao ilitolewa 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasikika mbali kuliko metali yoyote ya Kenya niijuayo, na hakuna mpiga dramu aliyeketi popote. Midundo ni ya mashine, kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauijui. Kuna watu walinipigia simu kunipa pole. Mimi niliipenda. Niliisikiliza nikaenda kujifunza kupanga dramu kwenye kompyuta, na sasa bendi zisizo na mpiga dramu hunilipa niwapangie, tena wanalipa kabla. Wale waliokuwa wananipa pole bado wanalalamika mashine zimewaharibia kazi. Jifunze. Hakuna mashine inayojua mahali pa kunyamaza mpaka mtu aiambie, na mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Kuhusu uanamke wako. Uliniandikia kwamba mpiga besi wenu amesema metali inataka nguvu za kiume. Mwambie kule Botswana bendi ya Skinflint ya Gaborone, inayosikilizwa na wanaume wa makoti ya ngozi na kofia za wachunga ng'ombe, kwa miaka ilikuwa na mwanamke kwenye dramu, Alessandra Sbrana. Kama bado anabisha, mpe fimbo apige dakika tano kwa 180, wewe umshikie saa. Nguvu haiko mkononi, iko kwenye namna fimbo inavyoachwa iruke. Wasichana ninaowafundisha huelewa hilo upesi kuliko wavulana, kwa sababu hawaji wakiwa wameshaamua kwamba ni kazi ya misuli.

Sasa mwili. Hapa ndipo hamnisikilizi, na hapa ndipo nitasema kwa ukali. Wataalamu wa afya ya kazini Marekani wanasema sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila ikipanda desibeli 3 muda unapungua nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Dramu ndani ya gereji ya mabati, na magitaa juu yake, hufika 100 bila kujitahidi. Nunua vizibo vya masikio kabla hujanunua hiyo pedali. Sikio langu la kushoto, upande wa hai-hati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, hulia mluzi kila usiku taa zikizimwa, na Lars Ulrich mwenyewe ameishi na mluzi kama huo tangu ujana wake. Hautibiki. Unazoeleka tu.

Mgongo nao. Pete Sandoval wa Morbid Angel, mmoja wa watu wenye miguu ya kasi kupita wote waliowahi kuishi, alifanyiwa upasuaji wa mgongo 2010 na kiti chake kikaketiwa na mwingine. Rekebisha urefu wa kigoda chako: paja literemke kidogo kuelekea gotini. Usiinue nyonga kila pigo. Tembea. Kunywa maji, si zile chupa za mwenye baa.

Kuna wakati mwili utakuangusha hata ukifanya yote. Rick Allen wa Def Leppard alipoteza mkono wa kushoto kwenye ajali ya gari siku ya mwisho ya 1984. Akatengenezewa dramu za umeme, kazi za mkono uliokatika akazihamishia mguuni, na Agosti 1986 alikuwa jukwaani kwenye tamasha la Donington, Uingereza. Nicko McBrain wa Iron Maiden alipata kiharusi Januari 2023, upande wa kulia ukamlegea, na mwaka huohuo alikuwa ziarani. Aliacha ziara Desemba 2024, akiwa na miaka 72, na maisha yake yote alijulikana kwa kufanya kwa pedali moja ambayo wengine hufanya kwa mbili. Nawataja hawa wawili kwa sababu moja nyingine ambayo hamuisikii ikisemwa: bendi zao ziliwangoja. Def Leppard hawakutafuta mtu mwingine. Chagua bendi kwa jicho hilo. Jiulize, nikivunjika mguu kesho, hawa watatu watakuja hospitalini au watafungua simu kutafuta namba?

Pesa zinatoka wapi basi? Kwangu mimi, metali haijawahi kulipa kodi ya nyumba mwezi mzima, na sioni haya kusema. Kodi hulipwa na harusi, ambako napiga rumba na benga nikiwa nimevaa suti. Hulipwa na kanisa, ambako nimerudi, na pasta anajua Jumamosi usiku nilikuwa wapi. Hulipwa na wanafunzi, na studio, na kupanga dramu kwenye kompyuta. Wapo wanaosema huko ni kuisaliti metali. Wengi wao wanaishi kwa wazazi. Kwa hiyo chuo usiache, dada yangu. Maliza diploma yako, iweke kabatini, kisha upige mpaka vioo vya gereji vitikisike. Mtu mwenye namna ya kula anaweza kuikataa shoo mbaya. Mwenye njaa huitikia kila kitu, na wenye kumbi wananusa njaa kutoka mbali.

Na lile karatasi nililolisema, lisikutishe, ukurasa mmoja unatosha. Andika majina kamili yenu nyote wanne na namba za vitambulisho. Andika nyimbo moja moja, na mbele ya kila wimbo nani ni mtunzi na sehemu yake. Andika kwamba mwaliko wowote wa kusafiri ni wa bendi nzima, na kama kuna mtu atabakizwa, alipwe kiasi mtakachotaja hapohapo, kwa tarakimu na kwa maneno. Andika vyombo ni vya nani, hata waya. Andika mtu akiondoka anaondoka na nini. Wekeni sahihi, kila mmoja abaki na nakala, na usiipige picha kwa simu tu ukaridhika, simu huibiwa. Fanya hivyo wiki hii, kabla ya mazoezi, wakati bado mnapendana. Wakikataa kutia sahihi, nitumie ujumbe: nazijua bendi mbili hapa Nairobi zinazotafuta mpiga dramu, na moja ina gari.